Ukiniambia thim ni "ishara ya giza" nitakuuliza ukurasa wa ngapi

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kula kwetu, yuko kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), pepa iko mlangoni, na mimi kwa vile zamani nilipita hukohuko kwenye HKL nikajifanya mtaalamu nikamuuliza hivi tamthiliya mmefika wapi. Akasema Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein wameshaimaliza. Nikamwambia haya nisimulie inahusu nini. Akanijibu bila kupumua, kama anasoma tangazo la redio: "Dhamira kuu ni ujenzi wa jamii mpya, dhamira ndogondogo ni mgongano wa mila na usasa, ukabila, nafasi ya mwanamke katika jamii na umuhimu wa elimu."

Sawa. Na thim ni nini?

"Ishara ya giza na matatizo."

Nani kakwambia?

"Iko kwenye desa, anko." Desa, yaani zile notisi za majibu yaliyokwishatengenezwa.

Na kitabu chenyewe?

Akacheka. Kitabu kinazunguka darasani, zamu yake ilifika wakati wa mitihani ya majaribio akakisoma nusu, kikaenda kwa mwingine. Sasa hapo mi sina ubavu wa kumlaumu mtoto, maana mwenyewe enzi zangu nilipita mulemule. Kuna riwaya nilijaza nusu ukurasa kuieleza bila kuijua hata rangi ya jalada, na nakumbuka vizuri kabisa nikaandika kwamba giza linaashiria ukoloni, wakati hadithi yenyewe nilikuja kugundua baadaye ilikuwa inazungumzia watu waliozaliwa baada ya uhuru. Mwalimu alinichorea mstari mwekundu mmoja mrefu, hakuandika neno. Ule mstari ulikuwa unatosha.

Ila hili jambo linaniuma kidogo kwa sababu huu ndo mtihani unaomwingiza mtu chuo. Unatakiwa masomo mawili ya tahasusi na pointi zako zisipungue 4, na Kiswahili watu wengi wanakiweka kwenye hesabu kama somo la kuokotea pointi, "si ni lugha yetu bwana". Halafu pepa ya pili inakuja, fasihi, swali linataka ujadili matumizi ya ishara kwenye tamthiliya mbili ulizosoma, hoja tatu kwa kila kitabu, na darasa zima linaandika majibu yaleyale kwa mpangilio uleule, koma kwa koma. Msahihishaji naye ni mtu. Fikiria umeshika rundo la karatasi na kila moja inakwambia thim ni giza.

Twende basi kwenye hiyo thim, maana hapa pana utamu ambao desa limeufukia.

Thim ni neno la Kijaluo, maana yake pori, nyika, kule nje ambako hakuna anayeishi. Kinyume chake ni dala, boma, nyumbani kwenu hasa kwa asili. Na Ebrahim Hussein hakuliokota tu hilo neno kwa sababu linasikika vizuri. Tamthiliya ilitoka 1988, na kabla yake kidogo Kenya nzima ilikuwa imeshikwa na kesi moja ya mazishi: wakili S.M. Otieno, Mjaluo, alifariki Desemba 1986 Nairobi, mkewe Wambui, Mkikuyu, akataka amzike kwenye shamba lao karibu na Nairobi, ukoo ukasema hapana, mtu wetu anazikwa kwao Nyalgunga, Siaya. Wakaenda mahakamani wakapanda mpaka rufaa, maiti ikakaa miezi mitano, na mwisho ukoo ukashinda, akazikwa Siaya Mei 1987. Huyo marehemu alikuwa msomi wa kumnukuu Shakespeare, lakini pale mahakamani swali likawa lilelile la wazee, kwako ni wapi. Na mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa ni hili la nyumba na boma, kwamba mjini mtu anaweza kuwa na nyumba nzuri kabisa na bado asiwe na kwao.

Ukishajua hilo ndo unarudi kwa Martha na Herbert wa kwenye kitabu, mume kafa, mke na ukoo wanavutana, halafu unajiuliza swali ambalo desa haliulizi: pori liko upande gani? Kwa ukoo wa mume pori ni mjini, kumwacha ndugu yao huko ni kama kumtupa nyikani. Kwa Martha pori ni lile linalomfuata sebuleni kwake kwa jina la mila, watu wanaingia, wanaamua, na yeye aliyeishi na mtu huyo maisha yote anaambiwa hahusiki. Neno moja, na kila upande unamnyooshea mwenzake kidole kwamba wewe ndo uko porini. Na mwandishi akaongeza "ukingo", hakusema ndani ya thim, kasema ukingoni, yaani bado hujaanguka lakini mguu mmoja haujui unakanyaga nini. Hapo unaona kabisa kwamba ukiandika "thim ni giza" hujakosea sana, ila umechukua ng'ombe mzima ukarudi nyumbani na kwato.

Nguzo Mama ya Penina Muhando nayo inaonewa hivihivi. Kila desa: nguzo ni ukombozi wa mwanamke. Nukta. Ni kweli, nani anabisha, wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo na haisimami, hata mtoto wa darasa la saba anaweza kuona kinachosemwa. Lakini mbona hakuna anayeuliza kuhusu majina? Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, mpaka Bi Nane. Wanawake hawana majina, wana namba, kama magunia ghalani au wanafunzi kwenye mstari. Mimi naona ile ndo ishara kali kuliko hata nguzo yenyewe, maana nguzo iko wazi mno, imelala pale katikati ya jukwaa kila mtu anaiona, ila namba tunazisoma tu tunapita. Mwingine atasema namba zinaonyesha kwamba huyo anaweza kuwa mwanamke yeyote, mama yako, shangazi yako. Sawa pia, lete ushahidi. Hayo mabishano ndo fasihi, na mtahini akikuta mwanafunzi anabishana na kitabu badala ya kukihesabia dhamira nadhani hata chai yake itakuwa tamu zaidi.

Kwenye riwaya ya Kufikirika sitakaa sana, kila mtu anajua Shaaban Robert alikuwa anaipiga serikali ya kikoloni kwa fumbo. Ila hata hapo, mfalme mwenye kila kitu asiye na mtoto, kiti hakina mrithi, hiyo peke yake inatosha hoja moja na hujagusa ukoloni bado.

Kivuli Kinaishi ndo inanichekesha, kwa sababu pale desa limejaribu kutafsiri kitu ambacho watu wa Pwani na Visiwani hawahitaji kutafsiriwa. Giningi! Mtu aliyelelewa na bibi Unguja au Pemba anajua Giningi ni wapi, ni kule wanakokutana wachawi, na ndere ni dawa ya uchawi, si kitu cha kuchezea mdomoni. Sasa Said Ahmed Mohamed anakuja anachukua hofu ile ya kitoto, anaigeuza nchi nzima, anamweka Bi Kirembwe kitini, watu wanalishwa unga wa ndere wanakuwa hawaoni kinachofanyika mbele yao. Desa linasema: unga wa ndere ni kasumba. Ndiyo, lakini hiyo ni tafsiri ya mtu aliyekaa mbali. Kasumba inaingia kichwani polepole kwa maneno. Ndere unalishwa, na anayekulisha ni mtu unayemfahamu, na ukishalishwa wewe ndo unakuwa wa kwanza kumshangaa asiyelishwa. Mhusika Mtolewa kwenye mchezo ule anaonekana tatizo kwa sababu anaona. Kama bibi yako alikukataza kutoka nje usiku kwa sababu ya mambo haya, una mtaji ambao mwenzako wa bara hana, utumie, usiukimbilie "ujenzi wa jamii mpya".

Na hiyo ujenzi wa jamii mpya jamani. Kila kitabu. Nadhani ni urithi wa miaka ile baada ya Azimio la Arusha, uhakiki wetu ukawa unapima kazi ya sanaa kwa kuangalia inajenga nini, na kwa wakati ule ilikuwa na maana yake, watu walikuwa kweli wanajaribu kujenga kitu. Sasa limebaki kama kopo tupu, kila dhamira inatumbukizwa humo. Pamoja na "nafasi ya mwanamke: chombo cha starehe, mama mlezi, mwanamapinduzi", ambayo ukiniamsha saa nane za usiku nakutajia. Wenzetu Kenya nao wana miongozo yao ya vitabu teule, kwa hiyo ugonjwa si wetu peke yetu.

Najua mtu atakuja kuniambia acha ndoto, mtoto ana masomo mengine, ana vitabu kibao vya fasihi kwa Kiswahili tu, English Literature haijaguswa, atasoma vyote saa ngapi? Ni kweli na sina dawa ya kitabu kimoja kuzunguka darasa zima, hiyo ni hela. Ila mi nilimwambia mpwa wangu kitu kidogo, achague sehemu mbili tu kwenye kila kitabu, kurasa tano tano, azisome mpaka azijue nani alikuwa amekaa wapi, nani kasema nini, kwa hasira au kwa hofu, kulikuwa mchana au usiku. Akiulizwa ishara anakwenda palepale, anaeleza kitu kilivyotokea kwenye tukio, ndo anasema kinabeba nini na kwa nani. Ukianza na maana ukatafuta mfano utaishia kubuni, na wasahihishaji wanajua tukio la kubuni, linakuwaga halina mtu ndani. Desa alisome mwishoni, kama mtu anayelinganisha majibu.

Tukachukua kurasa zake zilizokunjamana za fotokopi tukakaa kibarazani. Mi nikaanza kuhubiri ile habari yangu ya pori liko upande gani, Martha hapa, ukoo kule, najiona nimefunguka kwelikweli. Akanisikiliza, akatulia kidogo, akafunika kalamu.

"Lakini anko, hao wote wana pa kukaa. Martha ana kwake, ukoo una kwao. Aliyeko ukingoni si Herbert? Kafa, hajazikwa, mjini wamemkataza, kwao hajafika."

Nikamwomba anipe zile fotokopi nisome tena.