Kabla hujachagua njia ya uofisa, ulizia mlango wa kutokea uko wapi

Mpwa wangu kanitumia meseji usiku wa manane, ndefu kweli, haina hata nukta. Kaitwa sehemu mbili. Ya kwanza ni chuo cha kijeshi moja kwa moja, unaingia ukitokea sekondari unatoka na digrii na nyota begani, ya pili ni chuo kikuu cha kawaida cha kiraia ila jeshi linakulipia ada, unafanya mafunzo alfajiri na kipindi cha likizo, ukimaliza digrii unapewa kamisheni, yaani unatambuliwa rasmi kuwa ofisa. Swali lake lilikuwa moja tu: "Mjomba, ipi inaheshimika zaidi?"

Nilianza kumjibu kwenye simu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Swali lenyewe ndo limekaa vibaya, na nawaona vijana wengi wanauliza hivohivo, kwa hiyo bora niandike kwa kirefu ili na wengine wasome.

Tuanze na hiyo heshima iishe haraka. Angalia Marekani, nchi ambayo hizi njia zote zipo wazi na zina majina yake. Kuna chuo cha kijeshi cha West Point tangu 1802, kuna ROTC, mpango wa kufundisha maofisa kwenye vyuo vikuu vya kiraia, tangu 1916, na kuna OCS, shule ya maofisa ya kama wiki 12 kwa wenye digrii tayari na kwa askari waliopendekezwa kutoka vikosini. Sasa chukua cheo cha juu kabisa pale, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, kuanzia 1989 mpaka 2005. Alikuwepo Colin Powell, alisoma jiolojia City College pale New York kwa alama za kawaida tu, akapitia ROTC. Akafuata John Shalikashvili, mtu aliyezaliwa Warsaw akafika Marekani akiwa na miaka 16, akaingizwa jeshini kwa lazima 1958 kama askari wa kawaida, mwaka uliofuata akatokea OCS. Baada yake Hugh Shelton, ROTC. Baada yake Richard Myers, ROTC. Miaka 16, watu wanne, hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye vyuo vya kijeshi vyenye majina makubwa. Kwa hiyo dogo akiniambia njia fulani ndo "ya majenerali" namwambia nyota haina kumbukumbu ya geti ulilopitia. Siku ya kwanza kwenye platuni, kile kikosi kidogo utakachopewa kuongoza, wataangalia kama unajua kazi, basi.

Kinachobaki, na kinachokufuata kwa miaka, ni mkataba. Hapo ndo nataka tukae.

Kila njia ina siku moja ambayo ukiivuka huwezi tena kuondoka bure, kabla ya hapo unaaga unarudi nyumbani, baada ya hapo unadaiwa miaka ya utumishi au unarudisha gharama. Cha ajabu vijana wanajua urefu wa mbio za majaribio mpaka sekunde, wanajua idadi ya pushapu, ila ukiwauliza hiyo siku ni lini wanakutolea macho. Pale West Point ni mwanzo wa mwaka wa tatu, miaka miwili ya kwanza ukiona haikufai unaondoka bila deni, ukishaapa kuanza wa tatu unadaiwa miaka mitano ya utumishi kamili baada ya kamisheni. ROTC ya jeshi la nchi kavu kwa mwenye ufadhili wa miaka minne inakubana mapema zaidi, mwaka wa kwanza ndo wa kuonja, ukianza wa pili umeshafunga. Ujerumani ndo usiseme, ofisa anayesomeshwa kwenye vyuo vikuu vya jeshi lenyewe, Hamburg au Munich, kwa kawaida anajifunga miaka 13. Miaka 13! Mtu wa miaka 19 anasaini karatasi itakayoisha akiwa na 32.

Sasa ukisoma hivyo utasema basi chuo cha kijeshi ndo kina huruma maana kinakupa miaka miwili ya kufikiria na ROTC inakupa mmoja. Kwenye karatasi ndio. Ila mlango una tarehe na una sehemu unakokutolea, na hii ya pili hakuna anayekuambia.

Ukiacha mafunzo ya kijeshi ukiwa chuo kikuu cha kiraia, kesho yake unaamka kwenye chumba kilekile, darasa lilelile, marafiki walewale, umepoteza ufadhili na hilo ni pigo kubwa sikatai, lakini maisha yako bado yamesimama. Ukiacha chuo cha kijeshi unarudisha kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kitanda, sare, kozi uliyokuwa unasoma, wenzako wote, hata ratiba ya siku yako, maana huko hata saa ya kulala unapangiwa, alafu unafika nyumbani na begi na kila mtu anauliza kulikoni. Mlango upo wazi kabisa ila nje yake hakuna ngazi.

Najua kwa sababu nimesimama hapo mlangoni.

Mi niliingia chuo cha kijeshi nikiwa na miaka 18 na nusu. Mwaka wa pili kama mwezi wa tatu hivi nikajua sio yangu. Sikuwa naonewa, sikuwa dhaifu, kwata nilikuwa naipiga vizuri na darasani nilikuwa katikati huko. Ni kwamba nilikuwa nimekuja kwa sababu ya picha. Mama alikuwa ameshatundika picha yangu ya sare sebuleni, kubwa, na kila mgeni akija anaonyeshwa. Nilikuwa nalala naiwaza ile picha, nani ataishusha, atamwambia nini jirani. Nikakaa. Tarehe ikapita, nikamaliza, nikavishwa nyota, nikatumikia miaka yangu yote ya mkataba na ulipoisha nikaondoka nikiwa kapteni.

Watu wananiambia kwani ulipoteza nini, ulipata elimu, ulipata nidhamu. Sawa, nilipata. Waliopoteza ni askari wangu. Platuni ina watu kama 30, na hao watu 30 wanajua ndani ya wiki chache tu kama ofisa wao yupo pale kwa kupenda au anahesabu siku, huwezi kuwaficha, wanaona unavyokagua silaha, wanaona kama unakula kabla yao, wanaona usiku wa mvua unabaki lindoni nao au unatafuta sababu ya kurudi hemani. Mi nilifanya yote niliyotakiwa. Yote yaliyoandikwa. Nilikuwa na koplo mmoja mzuri sana aliyekuwa anahitaji mtu wa kumpigania apelekwe kozi, nikajaza fomu nikaipeleka nikaishia hapo, ofisa anayeipenda kazi angeifuatilia mpaka kieleweke. Yule koplo bado namkumbuka. Ndo maana hili jambo linanigusa, uofisa sio ajira ambayo ukiichagua vibaya unaumia peke yako.

Kwenye kundi letu la walioingia pamoja kulikuwa na wenzetu waliotoka vikosini, walikuwa askari kwanza ndo wakapendekezwa kuja kusomea uofisa. Mmoja tulilala naye hema moja kwenye zoezi, alikuwa na miaka 26, sisi tulikuwa tunamuona mzee. Usiku wa kwanza tumelowa mpaka kwenye mifupa, sisi tunahangaika kuwasha nini sijui, yeye akakamua soksi zake akazibandika tumboni chini ya shati akalala, dakika nne hazikufika anakoroma, asubuhi soksi kavu. Ila sio ujuzi ulioniacha mdomo wazi. Nilimuuliza kwa nini amekuja, mi nikitegemea atasema mshahara, akanijibu kwamba amewahi kuongozwa na luteni mzuri na luteni mbovu, na anajua tofauti yake kwenye mwili wake, kwa hiyo anataka kuwa yule wa kwanza. Hilo jibu mi sikuwa nalo na nisingekuwa nalo hata wangenipa mwaka mzima wa kulitafuta, maana nilikuwa sijawahi kuongozwa na mtu yeyote zaidi ya mwalimu wa darasa.

Ndo maana naamini njia ya kupitia uaskari inadharauliwa bila sababu. Ni ndefu, ndio, na hakuna anayekuhakikishia kwamba utapendekezwa, ukiingia kwa matumaini hayo peke yake unaweza kustaafu sajenti, hilo uliweke akilini kabisa. Lakini unaiona kazi kwanza ndo unaamua. Uingereza kuna mtu anaitwa William Robertson, aliingia kama askari wa kawaida 1877, mama yake akamwandikia kwamba bora amzike kuliko kumuona kwenye koti jekundu la jeshi. Kamisheni akaipata 1888, miaka 11 baadaye, na enzi hizo ofisa wa Kiingereza alitegemewa awe na hela zake za nyumbani kwa sababu mshahara haukutosha maisha ya mesi, pale maofisa wanapokula na kunywa pamoja. Yeye hakuwa nazo. Baba yake alikuwa fundi cherehani, akamshonea sare mwenyewe, na mesini wenzake wakinywa mvinyo yeye alikunywa maji. 1920 akawa fildi masho, na mpaka leo ndiye pekee katika jeshi lile aliyetoka cheo cha chini kabisa mpaka cha juu kabisa. Simtaji ili mseme na nyie mtafika huko, mmoja tu ndo amefika. Namtaja kwa sababu aliijua bei ya anachokitaka kabla ya kukisaini.

Kwa wenye taaluma kama madaktari, wanasheria na viongozi wa dini hadithi ni fupi, mnaingia na taaluma yenu, mafunzo mafupi, cheo mapema, na kwa kawaida hamtaongoza wapiganaji. Kama ndoto yako ni kuongoza platuni usidanganyike na njia hii kwa sababu ni fupi.

Na kuna wanaosema soma kwanza digrii yako kwa hela yako alafu ndo uombe. Hii ndo ningechagua mimi leo kama ningekuwa na uwezo wa ada, kwa sababu unafika na miaka 22 au 23, umeshajua kuishi bila kuamriwa, na unaamua kama mtu mzima. Uingereza karibu wamelijenga jeshi lao hivyo, kozi ya Sandhurst, chuo chao cha maofisa, ni wiki 44 tu na wengi wanaoingia wana digrii tayari. Ubaya wake ni umri, kila jeshi lina ukomo wake na digrii ikichelewa mwaka mmoja tu mlango unaweza kukufungia usoni, na ubaya mwingine ni huohuo wa hela, sio kila nyumba inayo.

Kwa hiyo mpwa wangu nikampigia. Sikumwambia achague ipi. Nikamwambia awaulize wote wawili, kwa maandishi, siku gani ndo ya mwisho ya kuondoka bila deni, na baada ya hapo ni miaka mingapi, na hiyo miaka inaanza kuhesabiwa lini, maana sehemu nyingine miaka ya masomo haihesabiwi. Alafu nikamuuliza lingine: ukiamka asubuhi ya hiyo siku ya mwisho na moyo umekataa, utampigia nani simu?

Akanyamaza muda. Akasema, "Baba hapana."

Nikamwambia basi namba yangu unayo, na mi nitakuja na wewe nyumbani.

Juzi kaniambia chuo kimoja kimemjibu, cha pili bado. Na kampa baba yake asome yale majibu.