Jogoo Aliyekula Blindi Tano

Shemeji yangu alirudi kutoka Dar na treni ya SGR akiwa na ugonjwa mpya: poka, kamari ya karata. Wala si ile ya kukesha mezani. Yake ni ya chapuchapu, mtaji mdogo, blindi (dau la lazima linalowekwa kabla ya kuona karata) zinapanda kila dakika tano, ukizubaa kidogo umebaki na kiti tu. Alijifunzia kwenye simu, kwa hiyo alijua kila kitu.

Jumapili mchana akatukusanya chini ya mwarobaini uani kwangu Nkuhungu: mimi, binamu yangu na jirani mmoja fundi friji. Kila mmoja alimpa elfu tano ya kununulia zawadi, na zawadi ikaja kweli: jogoo wa kienyeji, mkubwa, amefungwa kamba kwenye mguu wa meza, anatutazama kama mwenye nyumba anayedai kodi. Chipu za kuwekea dau hatukuwa nazo, tukagawana punje za mahindi, hamsini kila mtu. Blindi ndogo punje moja, kubwa mbili. Na kwa kuwa upepo wa Dodoma hauna adabu, karata tukazigandamiza kwa kokoto.

Somo la shemeji lilikuwa moja, akalirudia mpaka fundi akaanza kusinzia. "Ukiwa na mtaji wa blindi kubwa 25 unaweza kucheza kistaarabu. Zikishuka chini ya 10, acha maringo. Kabla karata za mezani hazijafunguliwa, amua: unasukuma mtaji wote katikati au unatupa karata. Na bora uwe wa kwanza kusukuma kuliko kumfuata aliyesukuma. Ukisukuma una njia mbili za kula: wenzako wanatupa, au karata zako zinashinda. Ukifuata unabaki na hiyo ya pili tu."

Nakiri lilikuwa somo zuri. Tatizo halikuwa somo, tatizo lilikuwa fundo la kamba.

Blindi zilipanda mara moja tu, zikawa punje mbili na nne. Mbele yangu palikuwa na punje 48, yaani blindi 12, bado mtu wa heshima. Zamu yangu ya kugawa. Binamu akatupa. Nikainua pembe ya karata zangu taratibu: ree ya shupaza. Ya pili: ree ya kopa! Jamani, ree mbili unazipata kwa wastani mara moja katika migawo 221. Nikazilaza upesi, nikakohoa kidogo, nikajipangia kuongeza punje nane tu, kinyonge, ili shemeji aliyekaa kwenye blindi kubwa aingie mwenyewe mtegoni.

Ndipo jogoo akapanda mezani.

Hakwenda kwa fundi aliyekuwa na lundo kubwa. Alikuja kwangu. Ko, ko, ko, punje mbili mbili. Kokoto langu alilipiga teke likaanguka, na upepo nao ukaanza kuinua karata, ikabidi nizikandamize kwa mikono yote miwili. Nikimfukuza jogoo, ree zangu zinafunuka dunia nzima inaziona. Nikiziba ree, mtaji unaliwa. Nikampulizia kwa mdomo: "Fyuu! Fyuu!" Akadhani naupoza msosi wake.

Mpaka binamu aache kucheka na kumshika mabawa, nilikuwa na punje 28. Ishirini zimekwenda, blindi tano nzima.

"Nirudishiwe zangu," nikasema.

"Kinachohesabika ni kilichopo mezani," shemeji akajibu, uso mkavu.

Binamu akasema hazijapotea, zimo ndani ya zawadi, atakayeshinda atazikuta wakati wa kuchinja. Fundi akashauri tuchinje sasa hivi tuhesabu. Shemeji akakataa katakata, na hapo ndipo ningepaswa kujiuliza kwa nini.

Sawa. Blindi saba. Somo si unalijua? "Nasukuma zote!" Fundi akatupa. Shemeji akachungulia karata zake, akachungulia simu, akanifuata, akafunua K na J kwa mbwembwe. Nikafunua ree zangu. Hapo nina zaidi ya asilimia 80 za kushinda, na binamu tayari kashika karata za kufungua.

"Mbukwenyi!"

Mama mkwe huyo, na salamu yake ya Kigogo, katoka kanisani, kitenge chake kipya begani. Tukasimama wote. "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona mmempandisha jogoo wangu mezani?"

Fundi akazinduka usingizini. "Wako? Mama, huyu si tumemchangia elfu tano tano?"

"Mmemchangia nani? Huyu nimemtoa Hombolo mwenyewe, nikampa huyu kijana amlete kwa mjukuu wangu." Akamgeukia mwanawe polepole. "Umemuuza kuku wa mtoto?"

Shemeji hakutaka kufundishwa. Mtaji chini ya blindi kumi, mama mbele, fundi nyuma anakunja mikono ya shati. Akatupa K na J, akaruka ndoo ya maji, akadandia bodaboda iliyokuwa inapita, na elfu kumi na tano zetu mfukoni.

Kwa sheria zake mwenyewe, aliyetupa katupa, na mzigo wa katikati ni wangu. Nikanyoosha mkono nivute punje zangu. Jogoo alikuwa ameshafika.

"Baba," mama mkwe akaniambia kwa upole, "mwache ale. Katoka mbali."