Gesi ya kuinua mafuta: tuipime kabla Tanganyika haijachimbwa

Aliyewahi kusimama kando ya mtambo wa kuchimba kisima cha maji, Kasulu au Urambo, anaikumbuka dakika ile mafundi wanapowasha kompresa kukisafisha. Hewa inashuka kwa bomba hadi chini, mngurumo unapanda, kisha maji ya tope yanaruka juu ya vichwa vya watu. Wengi huondoka wakiamini kwamba hewa imeyasukuma. Kazi yake kubwa ni nyingine: imeingia majini kama mapovu, imeyafanya mepesi, na maji mazito yaliyomo mwambani yakayainua.

Naanza hapo kwa sababu habari za mafuta chini ya Ziwa Tanganyika huja na kupotea Kigoma miaka nenda rudi, na si uzushi mtupu. Upande wa Kongo, kwenye rasi ya Kalamba, mafuta hujitokeza yenyewe kutoka chini ya ziwa. Kila habari hizo zinapozuka tunagawanyika, huyu anataka ajira, yule analinda dagaa na migebuka. Namna mafuta yenyewe yatakavyopandishwa hatuigusi, ilhali humo ndimo faida na hatari nyingi zilimo.

Njia ninayotaka tuipime, ya kuinua mafuta kwa gesi, hufuata kanuni ile ile ya kompresa na kisima cha maji. Kisima cha mafuta ni bomba ndani ya bomba. Mafuta hupanda kwa lile la ndani. Gesi iliyogandamizwa hushushwa katika nafasi iliyo kati ya mabomba hayo mawili, kisha huingia la ndani kupitia valvu, vilango vidogo vinavyofunguka na kufunga, zilizopangwa kwa vina tofauti. Chukua kisima cha mita 2,000. Mafuta yenye uzito wa kilo 850 kwa mita ya ujazo, yakilijaza bomba, hukandamiza chini kwa takriban baa 167 (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa pale usawa wa bahari). Ikiwa mwamba una baa 140 tu, mafuta yatapanda na kusimama mita 320 hivi kabla ya kufika juu. Changanya gesi mpaka uzito ushuke hadi kilo 500, na mzigo unakuwa baa 98. Zile 42 zinazobaki ndizo zinazoyafikisha. Nguvu ni ya ardhi. Gesi imepunguza mzigo tu.

Uzuri wa njia hii unatoka hapo hapo. Chini ya kisima hakuna mota inayozunguka, hakuna fito zinazopanda na kushuka, hivyo mchanga hauli kitu kirahisi. Valvu ikiharibika, mara nyingi huvutwa kwa waya mwembamba bila kulitoa bomba zima, wakati pampu ya umeme iliyozamishwa kisimani ikifa kwa kawaida huita mtambo mkubwa na siku za kusimama. Kwa mkoa ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, hilo si jambo dogo. Tena gesi haijali kisima kilichopinda. Kwenye eneo la mafuta la Kingfisher, kule Uganda, visima vimechimbwa kutoka nchi kavu vikapinda hadi chini ya Ziwa Albert. Kama siku moja tutachimba, ningependa iwe hivyo, mitambo ikae nje ya maji.

Lakini nguvu ya ardhi ina kikomo. Mwamba ukichoka sana, hata mafuta yaliyopunguzwa uzito hayafiki, na hapo pampu huishinda gesi. Ukiongeza gesi kupita kiasi nayo inageuka adui: inajaza bomba, msuguano unakua, mafuta yanapungua. Kompresa ni ghali na hula nishati muda wote. Gesi yenyewe lazima iwepo. Hutenganishwa na mafuta juu na kurudishwa chini, haiishi kirahisi, ila kisima kisicho na gesi ya kutosha kitahitaji iletwe, na ya Songo Songo na Mnazi Bay iko upande wa pili wa nchi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni nta. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, hivyo huganda kwenye joto la kawaida. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapashwa moto, na kiwanda cha kulivika mabomba yake koti la kuhifadhi joto kikajengwa Sojo, wilayani Nzega. Tanganyika iko kwenye mkono ule ule wa magharibi wa Bonde la Ufa, hivyo huenda mafuta yake, yakiwepo, yakawa ndugu wa hayo. Gesi inapopanuka hupoa. Ukiipuliza ndani ya mafuta ya nta unaweza kuziba bomba lile lile uliloliwekea ili lipumue. Dawa zipo, kuipasha gesi joto au kutia kemikali, na zote zinaongeza gharama.

Majirani wetu wa kaskazini wanaitumia kanuni hii kwa namna ya kupendeza. Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi hadi kwetu, lina gesi ya methani iliyoyeyuka kilindini. Mtambo wa KivuWatt wa megawati 26, Rwanda, huyapandisha maji hayo kwa bomba. Yakipanda, gesi hujitoa kama mapovu na kuyainua yenyewe.

Nikipima yote, naona gesi inafaa Tanganyika kuliko pampu katika miaka ya mwanzo, kwa visima vinavyopindishwa kutoka ufukweni, endapo mafuta si ya nta nzito na gesi yake inatoka humo humo. Sharti moja silegezi. Nafasi ile kati ya mabomba hukaa imejaa gesi ya mgandamizo mkubwa saa zote, na juu yake kuna ziwa lenye kina cha mita 1,470 ambalo nchi nne zinalinywa na kulivua. Valvu ya usalama inayojifunga yenyewe katika nafasi hiyo iandikwe ndani ya leseni tangu kisima cha kwanza, na majibu ya kupimwa kwake yabandikwe Kibirizi, mwaloni, wavuvi wayasome.