Mabamba ya Kaizari na Sadaka ya Muumini

Kitabu cha kale zaidi kilichochapwa na kubaki na tarehe yake kamili ni Sutra ya Almasi, andiko takatifu la Kibudha, ya tarehe 11 Mei 868, iliyopatikana katika pango lililozibwa huko Dunhuang, magharibi mwa China. Mwishoni mwake mtu aitwaye Wang Jie ameandika kwamba ameitoa kwa niaba ya wazazi wake wawili ili igawiwe watu bure. Hakuna kaizari anayetajwa hapo. Hata hivyo, historia ya uchapaji wa Kibudha nchini China husimuliwa mara nyingi kama orodha ya nasaba na miradi yake mikubwa, na ndipo linapozuka swali kama vitabu hivi ni kazi ya dola au ya waumini.

Wanaoipa dola sifa hiyo wana hoja nzito. Mwaka 971 Kaizari Taizu wa nasaba ya Song aliamuru maandiko yote ya Kibudha yachongwe mjini Chengdu, na kazi hiyo ilipokamilika mwaka 983 ilikuwa imetumia mabamba ya mbao yapatayo 130,000. Kila bamba lilichongwa kwa mkono, maandishi yakiwa yamegeuzwa kama yaonekanavyo kwenye kioo, na aliyekosea alilazimika kutoboa mbao na kupachika kipande kingine. Ni vigumu kufikiri hekalu moja lingeweza kuwalipa mafundi na wasahihishaji kwa muda wote huo. Dola iliongeza pia heshima isiyonunulika: matini iliyoidhinishwa na kiti cha enzi, ambayo mtawa Mjapani Chonen alirejea nayo kwao mwaka 986, na ambayo Wakorea waliifanya msingi wa mkusanyo wao wenyewe.

Lakini mwenye kuamua kipi kiingie huamua pia kipi kitolewe. Mkusanyo wa mwisho wa kifalme, uliokamilika mwaka 1738 chini ya nasaba ya Qing, ulikuwa na mabamba zaidi ya 79,000, nao haukusalimika: baadaye Kaizari Qianlong aliamuru ufafanuzi ulioandikwa na mwanazuoni Qian Qianyi uondolewe, kwa kuwa maandishi ya mtu huyo yalikuwa yamepigwa marufuku. Nakala za mwanzo nazo zilikuwa kama mia moja tu, zikatolewa kwa mahekalu yaliyobahatika. Msomaji wa kawaida hakuwamo katika hesabu hiyo.

Upande wa waumini una ushahidi ambao mimi nauona mzito zaidi. Katika karne ya 12, kaskazini mwa China chini ya utawala wa Jin, mwanamke aitwaye Cui Fazhen aliongoza uchangishaji wa fedha za kuchonga maandiko yote upya. Mapokeo yanasema alijikata mkono ili kuonyesha nia yake. Kazi hiyo ilifuata toleo la Song karibu herufi kwa herufi. Mabamba ya kaizari yamepotea na juzuu zake zilizobaki ni chache mno, ilhali maelfu ya juzuu za Cui yaligunduliwa mwaka 1933 katika hekalu la Guangsheng, mkoani Shanxi. Toleo la kaizari, basi, tunalifahamu kwa sehemu kubwa kupitia nakala iliyolipiwa kwa michango ya watu.

Hata hivyo, tusiwapambe waumini kupita kiasi, kwani waliotafuta thawabu hawakuwa lazima wanatafuta wasomaji. Pagoda ya Leifeng, mnara wa Kibudha mjini Hangzhou, ilipoanguka mwaka 1924, ndani ya matofali yake zilipatikana sutra zilizochapwa mwaka 975 kwa amri ya Qian Chu, mfalme wa dola ndogo ya Wuyue, aliyezitoa kama sadaka ya muumini, na ambaye maandishi yake yanataja nakala 84,000. Zilichapwa ili zifichwe.

Mkusanyo wa Jiaxing, uliochongwa kwa michango ya waumini, ndio uliomjali msomaji. Uchongaji wake ulianza mwaka 1589 katika mlima Wutai, kisha mwaka 1593 ukahamishiwa kusini, Jingshan. Waanzilishi waliacha karatasi ndefu za kukunjwa, wakachagua vitabu vilivyoshonwa kwa uzi, vyepesi kubeba na vya bei nafuu, vikauzwa katika hekalu la Lengyan. Mwishoni mwa juzuu huandikwa nani alichangia, kiasi gani, herufi ngapi zilichongwa, na mara nyingi jina la fundi aliyezichonga.