Transfoma ya amplifaya ya vali: tuagize nje au tusukishe hapa?

Kijana wa Unguja au Pemba akitangaza kwamba anataka kujiundia amplifaya ya vali, yaani ya mirija ya kioo badala ya transista, nasaha ya kwanza atakayopewa ni hii: transfoma agiza nje, wala usihangaike na fundi wa kusuka mota. Sababu inayotolewa ni kwamba mafundi wetu ni wa pampu za maji, feni na mashine za kuchomelea, na muziki ni elimu nyingine. Si maneno ya uongo. Ila yanasemwa kana kwamba kesi imekwisha, na aghalabu wanaoyasema hawajawahi kumpa fundi karatasi yenye idadi ya raundi na geji (unene) ya waya wakaona atafanya nini nayo.

Tuwape kwanza haki yao. Transfoma ya Sowter ya Uingereza, Lundahl ya Sweden au Hammond ya Canada huja na vipimo vilivyoandikwa na kuhakikiwa. Ukinunua mbili, ya kulia na ya kushoto, zinalingana. Chuma chake kizuri, na vanishi imepenya mpaka ndani ya koili. Na zipo saketi zisizowezekana bila kazi ya namna hiyo. D. T. N. Williamson alipochapisha amplifaya yake katika jarida la Wireless World mwaka 1947, alichukua sehemu ya sauti upande wa spika akairudisha mwanzo wa saketi ili ifute kasoro, na transfoma ikawa imo ndani ya mzunguko huo. Ikisukwa ovyo, amplifaya huanza kupiga yowe yenyewe. Mwenye kutaka mashine ya ukoo huo, yenye vali mbili zinazopokezana na tapu, yaani nyaya zinazotokezwa katikati ya koili, kwenye asilimia 20 au 43, aagize. Hapo sina ubishi.

Lakini wangapi kati yetu wanajenga Williamson? Wengi wanataka kitu kidogo cha vali moja ya EL84 kila upande, wati tano hivi, kwa ajili ya santuri na kanda za taarabu walizorithi kwa wazee. Kwa mtu huyo, hesabu inageuka.

Nianze na transfoma ya umeme, ile inayopokea umeme wa ukutani, maana hapo ndipo nasaha ya kuagiza inapopoteza watu zaidi. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia mtandaoni ni za Marekani: volti 120, hezi 60. Mnunuzi huambiwa aweke stepdauni na mambo yataisha. Stepdauni inashusha volti tu, hezi haizigusi. Zetu ni 50 na zitabaki 50. Transfoma iliyohesabiwa kwa hezi 60 pekee ikilishwa 50, sumaku ndani ya chuma chake hupanda kwa asilimia 20. Kama kiwanda kilikibana chuma kwenye tesla 1.3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwetu itakuwa 1.56, na chuma cha kawaida hapo kinaelekea kushiba, yaani kutoweza kubeba sumaku zaidi. Kikishiba, transfoma inavuta mkondo mwingi hata bila mzigo, inavuma, na katika joto la Februari huwezi kuiwekea mkono. Zipo zilizoandikwa 50/60, na hizo hazina neno. Soma kibandiko kabla hujalipa.

Haya, tuseme umepata ya hezi 50. Bado kuna volti, na hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu halizungumzwi. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka upande wa Dar es Salaam, wa Pemba kutoka Tanga tangu 2010, halafu unasambaa kwa laini ndefu mpaka shamba. Jina lake ni volti 230. Nyumba iliyo mwisho wa laini, saa mbili usiku, si ajabu mita ikasoma 200; alfajiri, friji za watu zikipumzika, ikasoma 245. Sasa tazama vali. Filamenti yake inataka volti 6.3, na uvumilivu wake ni kama asilimia 10 juu au chini, yaani kutoka 5.7 hadi 6.9. Transfoma ya dukani iliyosukwa kwa 230, ikipewa 200, inatoa 5.5. Umeshatoka nje ya mpaka. Ile ya Ulaya ya 220 ikipewa 245 inatoa 7.0. Umetoka tena, upande wa pili. Filamenti ikipoa, vali inalegea na sauti inachafuka. Ikizidi moto, umri wa vali unaliwa. Mtu ametoa fedha za kigeni kununua vali na transfoma, kisha kila usiku moja inamdhulumu mwenzake, na lawama anatupiwa muuza vali.

Redio nyingi za vali za Ulaya zilizokuwa majumbani mwetu zilikuwa na kibadilishio cha volti nyuma, kwa sababu waliozitengeneza walijua zinakwenda kila nchi na umeme wake. Viwandani bado zipo zenye tapu kadhaa, ila ndizo ghali. Fundi wa kusuka anakuwekea tapu hizo kwa waya wa thamani ndogo kabisa. Kanuni anayoitumia ni rahisi: chukua 45, gawa kwa eneo la kiini cha chuma katika sentimita za mraba, utapata raundi kwa kila volti. Kiini cha sentimita za mraba 10 kinataka raundi 4.5. Basi volti 200 ni raundi 900, 220 ni 990, 240 ni 1,080. Kila hatua ni raundi 90 tu na kipande cha waya kinachotokeza nje. Filamenti, ukiongeza kidogo kwa ajili ya upotevu, ni raundi 30. Kwa EL84 mbili na ECC83 moja (vali ndogo ya kukuza sauti mwanzoni), ampia 1.8 hivi, geji 20 inatosha.

Na hiyo 45 ina faida nyingine isiyoonekana. Kwa hezi 50 inakiweka chuma kwenye tesla 1 tu. Kiwanda, kwa kubana gharama ya shaba, mara nyingi hupanda zaidi ya hapo. Transfoma yenye nafasi hiyo haitishiki umeme ukipanda, wala jenereta ikizubaa na kushusha hezi. Walioishi Unguja katika ile miezi mitatu ya kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawahitaji kuelezwa jenereta za mitaani zilivyo. Katika yote haya hamna la muziki. Ni hesabu ya mtu wa pampu, na mtu wa pampu anaijua.

Transfoma ya spika, ile inayokaa kati ya vali na spika, ndiko ilikozaliwa sifa mbaya ya mafundi wetu, na nadhani wamesingiziwa. Mteja anafika na kusema: nisukie ya EL84. Fundi anasuka vizuri, halafu anapanga mabati kama anavyopanga kila siku, yenye umbo la E huku na la I kule, kwa kupishana, mpaka pasiwe na pengo hata la unywele. Kwa transfoma ya umeme ndivyo inavyotakiwa. Lakini katika amplifaya ya vali moja, mkondo wa moja kwa moja wa miliampia 48 unapita ndani ya koili muda wote, muziki uwepo usiwepo. Bila mwanya, chuma kimeshashiba kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sauti inatoka nyembamba, besi hamna, na mwenye mali anarudi kwa wenzake na ile nasaha tunayoijua.

Dawa yake haina gharama. E zote zikae upande mmoja, I zote upande wa pili, katikati ipite karatasi moja ya kuchapia. Karatasi hiyo ni kama milimita 0.1, na kwa kuwa sumaku inaivuka mara mbili katika safari yake, mwanya ni 0.2. Kwenye kiini cha sentimita za mraba 7, raundi 3,000 za geji 36 zinafaa. Spika ya omu 8 mbele ya vali inayotaka omu 5,200 ni uwiano wa 650; kipeuo chake ni 25.5, kwa hiyo upande wa spika ni raundi 118, geji 22. Jambo la pili ambalo mtu wa mota hawezi kulibuni mwenyewe: raundi 1,500 kwanza, juu yake zile 118, kisha 1,500 zilizobaki, na karatasi kati ya kila tabaka. Akisuka 3,000 zote halafu 118 juu, sauti za juu zinafifia, ala ya kanuni inapoteza ule mlio wake mkali.

Fundi mmoja mtu mzima, aliyechoka na wateja wa aina yetu, aliyasema yote kwa mkupuo: "Mwanangu, nyinyi mnaleta jina la vali. Jina la vali nilifanyie nini? Niletee raundi, geji na namna ya kupanga bati."

Besi nayo ina hesabu yake, na ndiyo inayoamua kama kiini kidogo kitakutosha. EL84 ikifanya kazi kwa omu 5,200 bila kurudisha sauti nyuma, koili ya heneri 10 (kipimo cha ukubwa wa koili kisumaku) inaanza kuangusha besi kwenye hezi 73 hivi. Ya heneri 20, kwenye 36. Uzi mnene wa fidla ni hezi 196. Sauti ya mwimbaji na kanuni hazidai makubwa huko chini. Kwa rikodi za zamani za watu wachache, transfoma ndogo inatosha na kubaki. Lakini kundi kubwa kama Ikhwani Safaa au Culture Musical Club, lenye besi ya kusimama ambayo uzi wake wa chini ni hezi 41, linataka zile heneri 20. Ingawa nikisema kweli, spika ya inchi nane ndani ya boksi dogo haifiki 41 hata uifungie transfoma ya dhahabu.

Iko njia ya tatu inayopendwa na vijana: transfoma ndogo za volti 100 zinazotoka kwenye honi za misikiti na skuli. Hesabu yake inavutia. Tapu ya wati 2 ni omu 5,000, karibu kabisa na zile 5,200. Inapiga kweli, lakini haina mwanya, kwa hiyo mkondo wa vali moja unaishibisha na besi inapotea. Ifae kwa majaribio. Zile za kutolewa kwenye mikrowevu zisiguswe: volti zake zinafika maelfu mawili, na zimeshaua watu. Na redio kuukuu isiyo na transfoma ya umeme kabisa, bodi lake linaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Usiifungue ikiwa imechomekwa.

Upande ninaoutetea una udhaifu mmoja ambao siwezi kuuficha. Unyevu. Wengi wa mafundi wetu wanapaka vanishi kwa brashi juu ya koili na kuianika. Ndani hainyweshi. Masika inapoingia, hewa yenye chumvi inapenya, na waya mwembamba uliobeba volti 250 za moja kwa moja huota kutu ya kijani mahali pamoja mpaka ukatike. Transfoma nyingi za spika za redio za zamani zimekufa kifo hicho, hata zile za viwanda vyenye majina. Ndiyo maana nimesema geji 36 wakati mahesabu ya mkondo yangeruhusu nyembamba zaidi. Fundi aombwe kukausha koili kwenye joto kwanza, kisha kuizamisha nzima ndani ya vanishi mpaka mapovu yaishe, kisha kuioka. Halafu aifunge kwenye mega ya volti 500, ile anayopimia insulesheni ya mota, apime kati ya upande wa umeme na kila koili nyingine, na kati ya koili na chuma. Asiyekubali kupima, mtafute mwingine. Hapa roho ya mtu ndiyo inayosemwa.

Bei sitaipigia hesabu, inabadilika. Nitasema tu kwamba transfoma ni chuma na shaba, usafirishaji unalipiwa kwa kilo, na za stereo ni tatu. Tena ikiungua ile ya nje, itarudi kwa fundi yuleyule wa mota uliyemkwepa, safari hii bila idadi ya raundi, akalazimika kuzihesabu moja moja huku akiifumua.

Kigumu kuliko vyote ni chuma chenyewe. Mabati mazuri hayauzwi madukani kwetu, kwa hiyo tunategemea stebilaiza na UPS mbovu zinazotupwa betri zikifa na kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mara nyingi mna kiini kizuri kabisa cha E na I. Kabla hujalipa, kipindue utazame ubavuni: ukiona mstari wa weldi umekatiza mabati yote, hicho hakifunguki bila kuharibika, na mabati yaliyopinda hayakai pamoja tena. Tafuta kilichofungwa kwa boliti nne za pembeni.