Si Kila Tatizo la Jamii Ni Ukosefu wa Elimu

Wanafunzi wa uuguzi wakirudi kutoka fildi na ripoti zao za tathmini ya mahitaji ya afya ya jamii, mara nyingi najua mpango umeandikwa nini kabla sijaufikia. Tatizo linaweza kuwa kuhara, presha, utapiamlo au mimba za utotoni. Mpango ni uleule: "kutoa elimu ya afya kwa wanajamii."

Sina ugomvi na elimu ya afya. Mjamzito asiyejua dalili za hatari anahitaji kuambiwa, na aambiwe mapema. Ninachopinga ni mazoea ya kuhitimisha kwamba watu wanaumwa kwa sababu hawajui, wakati hakuna aliyechunguza kama kweli hawajui. Hitimisho hilo linamtwisha mwananchi lawama, na huduma yenyewe inabaki bila kuguswa.

Mazoea haya yanaanzia kwenye dodoso. Mwanafunzi anapita kaya kwa kaya akiuliza, "Je, unajua umuhimu wa chanjo? Je, unajua faida za kunawa mikono?" Ukiuliza watu wanajua nini, utakachopata ni habari za wanachojua na wasichojua. Hutasikia kuhusu bomba lililokauka, foleni ya kliniki, au mume anayeshika nauli. Na kwenye swali la kunawa mikono karibu wote watajibu ndiyo, maana nani atamwambia mgeni aliyevaa sare nyeupe kwamba hanawi?

Kundi moja nililolisimamia lilikuwa likiangalia kwa nini watoto wengi waliopata dozi ya kwanza ya surua hawana dozi ya pili. Mapema tu walishaandika kwamba akina mama hawajui umuhimu wa dozi hiyo. Nikawaomba wawatafute akina mama ambao kadi za watoto wao hazijakamilika, na wasiwaulize lolote kuhusu wanachojua. Waulize tu: mara ya mwisho ulipokwenda kliniki na mtoto, ilikuwaje? Mama mmoja akaitoa kadi kwenye mfuko wa plastiki alioitunzia, akawaonyesha tarehe iliyoandikwa kwa penseli pembeni, chini yake nyingine, na chini yake nyingine tena. Zote ni tarehe alizopangiwa kurudi. Alirudi. Kila alipofika aliambiwa watoto hawajatosha.

Aliyewahi kufanya kazi kliniki ya watoto ameshaelewa. Chanjo ya surua ni unga unaochanganywa na kimiminika chake, na kichupa kimoja mara nyingi kina dozi 10. Kikishachanganywa, kinachobaki kinamwagwa baada ya saa 6 au kikao cha chanjo kinapokwisha, lolote litakalotangulia. Muuguzi anayeona mtoto mmoja mbele yake anaona pia dozi tisa zitakazopotea, na ana rejesta ambayo lazima aitolee maelezo. Kwa hiyo anampangia mama siku nyingine. Shirika la Afya Duniani linahimiza kichupa kifunguliwe hata kama aliyefika ni mtoto mmoja, kwa sababu mtoto akiondoka bila chanjo huenda asirudi. Mama yule alihitaji kliniki inayofungua kichupa. Somo kuhusu surua lisingemsaidia chochote.

Mpango uliotoka hapo ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Ulihusu ratiba ya kliniki, makadirio ya chanjo ya kuagiza, na mazungumzo na mkuu wa kituo ili muuguzi anayefungua kichupa kwa mtoto mmoja asionekane mharibifu. Hakuna hata sentensi moja iliyowalenga akina mama, na kwa maoni yangu ndiyo ripoti bora niliyoisoma kutoka kwa wanafunzi.

Mwaka 1972 mtaalamu wa sera za jamii wa Uingereza, Jonathan Bradshaw, aligawa mahitaji katika aina nne: yale ambayo wataalamu wanasema yapo, yale ambayo watu wenyewe wanahisi, yale ambayo watu wameyafuatilia kwa kwenda kuomba huduma, na yale yanayoonekana ukilinganisha eneo moja na jingine. Wanafunzi hukariri aina hizi kwa ajili ya mtihani kisha wakazisahau fildi. Ningependa kila kundi lilazimike kuzijaza zote nne kuhusu tatizo moja kabla halijaruhusiwa kuandika mpango. Kwenye mfano wa surua, mtaalamu anasema dozi ya pili inahitajika, mama anahisi anasumbuliwa, kadi inaonyesha alikuja mara kadhaa, na rejesta ya kituo jirani inaonyesha watoto wengi zaidi wamekamilisha. Ukiziweka pamoja, huwezi tena kuandika kwamba mama hajui.

Historia ya uuguzi wenyewe ina somo hili, ingawa tunalipita haraka darasani. New York mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari walikuwa wakikagua wanafunzi shuleni na kuwarudisha nyumbani wenye magonjwa ya macho, ngozi na chawa. Watoto walirudishwa, na hakuna aliyefuatilia kama walitibiwa. Lillian Wald, muuguzi aliyekuwa akiishi katikati ya familia hizo, alipendekeza muuguzi apelekwe shuleni. Mwaka 1902 Lina Rogers akaanza kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule nne. Alitibu maradhi madogo palepale na kuwatembelea wazazi majumbani. Utoro uliotokana na maradhi hayo ukapungua sana, na jiji likaajiri wauguzi wengine. Alizungumza na wazazi pia, bila shaka, ila alizungumza nao akiwa na dawa mkononi.

Kuhusu takwimu nitasema jambo moja tu. Mwanafunzi akiniandikia kwamba watoto 40 hawakurudi kliniki, namrudishia kazi na swali: kati ya wangapi? Bila jibu hilo hana tathmini.

Katika kuchagua tatizo la kushughulikia, tunawafundisha wanafunzi kupima ukubwa wake, uzito wake, na kama linaweza kubadilishwa kwa uwezo uliopo. Hapo wanafanya vizuri. Wanakoshindwa ni kwenye malengo. "Kuongeza uelewa wa jamii" si lengo, kwa sababu hakuna siku utakayosema limefikiwa au halikufikiwa. Lengo ni kwamba katika miezi mitatu ijayo asiwepo mtoto anayeondoka kliniki bila dozi iliyomleta, na rejesta ndiyo itakayosema ukweli.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote haya: ripoti nyingi hazirudi kwa waliohojiwa. Watu wanaacha kazi zao, wanajibu maswali kuhusu choo chao, watoto wao waliofariki na ndoa zao, kisha karatasi zinakwenda chuoni kutafutiwa alama na hawasikii tena chochote. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, tamko la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, linasema watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Mtu ambaye hajaonyeshwa matokeo ameshiriki wapi? Kikao cha mrejesho kingepaswa kuwa sehemu ya alama, na si cha mwanafunzi kusimama na kusoma. Atundike matokeo ukutani na awaulize wenyeji kundi lake limekosea wapi. Wenyeji watasahihisha ramani, watataja nyumba zilizorukwa, na mara nyingi watapanga upya orodha ya vipaumbele mbele ya macho yake.

Najua jibu la walimu wenzangu: fildi ni fupi, wanafunzi ni wengi, mkufunzi mmoja hawezi kusimamia vikao vyote. Ni kweli kabisa. Lakini ufupi huo unaumiza zaidi pale kila kundi linapopelekwa eneo jipya kuanza moja. Chuo kikichagua maeneo machache na kubaki nayo kwa miaka, kundi moja linaweza kufanya tathmini na mpango, linalofuata likatekeleza na kupima. Kitakachohitajika ni jalada moja linalopokezanwa, lenye ramani, takwimu, majina ya viongozi wa eneo na yale waliyoahidiwa. Kazi ya kwanza ya kundi linaloingia iwe kufungua jalada, kwenda kuangalia kama lengo la wenzao lilifikiwa, na kuwaeleza wenyeji kwa nini halikufikiwa kama ndivyo ilivyo. Kazi hiyo ningeipa alama nyingi kuliko dodoso jipya lolote.