Kiti Kikilegea, Usikimbilie Msumari

Mwaka wangu wa pili huku ughaibuni nilikuta kiti cha mbao ngumu kimeegeshwa kando ya mapipa ya taka. Nilikigeuza juu chini, nikakitikisa. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa unacheza, basi. Hakuna ufa, hakuna dumuzi. Gundi ya kiungo ilikuwa imekufa, na kwa sababu hiyo kiti kizima kimetupwa. Nilikibeba hadi ndani huku roho ikiniuma.

Kwetu kiti kama kile kingepelekwa kwa fundi siku hiyohiyo. Huku ujira wa fundi mara nyingi unazidi bei ya kiti kipya, kwa hiyo watu wanatupa. Hesabu yao naielewa, lakini siikubali. Mti uliochukua miaka mingi kukua hautupwi kwa kukosa gundi ya kijiko kimoja.

Ila na sisi tusijisifu sana. Nimekua nikiona viti vinavyotengenezwa kwa msumari: kikilegea, gonga mmoja, kikilegea tena, gonga wa pili. Msumari hauwezi kutuliza kiungo kinachocheza. Kila ukikaa, unapanua tundu lake, na mwisho unaupasua ulimi wa mbao ulioingia kwenye mguu. Hapo kazi iliyokuwa ya saa moja inakuwa ya kuchonga upya. Kiti cha marehemu babu kilikufa hivyo, na mpaka leo sijakisahau.

Huku nimejifunza kwa nini viungo hulegea. Mbao haitulii: inavuta unyevu na kuutoa, inatanuka na kusinyaa, zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu. Wakati wa baridi tunawasha joto ndani, hewa inakauka, ulimi unasinyaa ndani ya tundu la mguu na gundi ya zamani inakatika. Viungo vya nyuma ndivyo vinavyotangulia, kwa sababu tunaegemea nyuma.

Kile kiti nilikifungua kwa kukigonga taratibu, nyundo nimeizungushia kitambaa. Sehemu iliyonichosha ni kuondoa gundi kuukuu. Usiiruke. Gundi nyeupe ya mbao inashika kwa kuzama kwenye nyuzi, na juu ya gundi iliyokauka haina pa kuzama. Nilipaka siki ya uvuguvugu, nikangoja ilainike, nikakwangua kwa upole nisije nikapunguza ulimi wenyewe, kisha nikaacha vikauke kabisa. Nilipojaribisha bila gundi, ulimi ulipwaya kidogo, nikaubandikia ganda jembamba la mbao hadi ukaingia kwa kusukumwa na mkono. Jiriwa, kile chombo cha kubania mbao, sikuwa nayo. Nilipaka gundi mpya, nikafunga kamba kuzunguka miguu yote minne, nikapitisha kijiti katikati na kukisokota mpaka viungo vikabana, nikafuta gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi. Kabla ya kukiacha nilikisimamisha sakafuni nione kama miguu yote inagusa. Nilikiacha saa 24 bila mtu kukikalia.

Tangu hapo sijaacha. Mbao iliyobonyea bila nyuzi zake kukatika huinuka ukiweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto kwa muda mfupi, maana mvuke unazijaza nyuzi zilizolala. Duara jeupe la kikombe cha moto liko kwenye vanishi tu, linatibika. Doa jeusi mara nyingi limeshazama kwenye mbao, hilo linataka msasa na subira. Na tambara lililotumika kupaka mafuta ya kitani usilikunje ukalitupa kwenye ndoo: linaweza kupata moto lenyewe. Litandaze nje likauke.

Kinachonitia hofu ni makabati ya chengachenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Huku yamejaa, na kila nikienda likizo naona na kwetu yanaongezeka. Yakilowa yanavimba, na yakishavimba hayarudi. Skrubu iking'oka inatoka na unga wake. Tunauza meza ya mbao yenyewe, ambayo ingerithiwa, tunanunua kitu kisichovuka mvua mbili za paa linalovuja, na tunaita maendeleo. Mimi naona tunaiga kosa ambalo wenzetu huku wameshaanza kulijutia: siku hizi wapo wanaokusanyika na vitu vyao vibovu na kufundishana kutengeneza.

Juzi mama kanipigia simu. Meza ya sebuleni imelegea mguu, na jirani kajitolea kuja na nyundo.

"Mama, nakuomba, asigonge chochote. Geuza meza juu chini, uniambie kiungo kikoje."

Nikasikia anavuta meza, anahema kidogo.

"Mwanangu, hapa naona gundi imebanduka tu."

"Basi ifunge kamba, isikaliwe wala isiwekewe kitu. Mwezi ujao nakuja."